Msomaji wa Daftari la Bibi

"Hili nalo linasemaje?"

Bibi aliuliza hivyo kidole chake kikiwa juu ya neno moja, kidole chenye ncha ya kahawia kwa ugoro, na mimi nimesimama kwenye kizingiti cha mlango, daftari mkononi, baba na mama wakinitazama. Neno lenyewe lilikuwa "unless". Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Nilikuwa nasoma shule ya Kiingereza, na katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema sijui.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nyumbani Mfaranyaki, Songea, kwa likizo. Mama alikuwa anapunguza vitu kwenye kabati la chumbani, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akanirushia na kusema niangalie kama kuna cha kutupa. Kabla sijamaliza kufungua fundo harufu ilinifikia: ugoro mkavu, na nyuma yake kitu kama spiriti ya hospitali. Nilikaa chini sakafuni. Mama aliuliza kama nimeumwa na mdudu.

Lilikuwa daftari dogo la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na jalada nililivalisha mimi mwenyewe kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyofunika madaftari yetu ya darasani. Watu wa umri wangu mnayajua madaftari haya. Mgonjwa ananunua daftari kwenye kibanda nje ya geti la hospitali, anaandika jina lake, anaingia nalo kwa daktari, na daktari anaandika humo kila kitu kwa Kiingereza. Kisha anamrudishia. Bibi yangu alitembea na ugonjwa wake kwapani, umeandikwa wote, kwa lugha asiyoijua. Nimewahi kuuliza kwa nini ilikuwa hivyo. Naambiwa ndio utaratibu, na mimi nikisikia neno utaratibu huwa naanza kutafuta nani ananufaika.

Bibi Otilia alikuwa mama yake baba. Alitoka upande wa Hanga, ambako alilima mahindi na tumbaku kidogo, na aliletwa kwetu kwa sababu tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba upande mmoja. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza la duka hatua chache kutoka nyumbani, na alishona sare za shule niliyosoma, nadhani ndiyo njia iliyonifikisha pale, maana wenzangu wengi walikuwa watoto wa maofisa na wafanyabiashara waliohamia Songea kutoka mikoa mingine. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Daktari akisema neno, kwa baba jambo limekwisha. Angeambiwa mgonjwa ale mchanga, angekwenda mtoni kuuchekecha.

Kwa hiyo nilikuwa macho ya nyumba. Karatasi yoyote yenye Kiingereza iliyoingia kwetu iliwekwa juu ya redio ikinisubiri nitoke shule. Mfuko wa mbolea, boksi la pasi, maelezo ya dawa ya kikohozi. Majirani nao wakajua. Mama Zaituni, aliyekuja kutoka Tunduru na kuuza korosho mbele ya nyumba yake, alikuwa ananiita kwa ishara ya mkono kama anayemwita mtu mzima, na nikimaliza kusoma ananijazia kiganja korosho zilizovunjika.

Sasa niseme ukweli. Katika kila sentensi nilikuwa najua maneno mawili au matatu. Mengine niliyatunga. Sikuanza kwa nia mbaya. Nilianza kwa kusita, nikaona uso wa baba unavyobadilika nikisita, nikaacha kusita. Nilijifunza haraka kwamba Kiingereza kikisomwa kwa sauti kubwa na kisha Kiswahili kikafuata bila kituo, hakuna anayeuliza. Na neno likinishinda kabisa, hasa kwenye karatasi za hospitali, nilikuwa na jibu moja lililotosha kila mahali. Nilisema ni jina la dawa.

Siku moja Mama Zaituni alileta kopo la dawa ya kulainisha nywele. Nilisoma maandishi ya ubavuni, nikakuta namba nyingi na maneno magumu, nikamwambia ipakwe, iachwe mpaka ikauke, ndipo ioshwe. Wiki hiyo Zaituni, binti yake, alipita mbele ya nyumba yetu na kilemba, na chini ya kilemba, juu ya paji, palikuwa na kipande cha kichwa kisicho na nywele. Nilisubiri kuitwa. Nilisubiri siku tatu. Lakini mama yake alikuja kwetu kumsimulia mama kwamba siku hizi kila kitu ni feki, kwamba wenye maduka hawamwogopi Mungu, na akaniwekea korosho mkononi kama kawaida. Nilizila zile korosho. Nakumbuka hata ladha yake, zilikuwa zimeungua kidogo.

Tangu siku hiyo kitu fulani kilianza kunisumbua, na sijui kama kimewahi kuacha. Kama mimi nadanganya na hakuna anayejua, basi ni nani mwingine anayedanganya? Nilianza na mwalimu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni, zote zikiwa na vifuniko. Kila asubuhi alituandikia maneno kumi ubaoni. Tulipiga mstari mwekundu katikati ya ukurasa: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, neno moja kwa neno moja, kama watu wanaofungishwa ndoa. Tuliyakariri, tukaulizwa, tuliokosa tukachapwa. Niliamini kabisa mpangilio ule. Niliamini kwamba siku tutakapofika mwisho wa maneno yote ya Kiingereza tutakuwa tumemaliza, na kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekwisha kufika mwisho huo.

Ila maneno yenyewe hayakutulia kwenye ndoa zao. Alitupa "just" akasema ni haki. Sawa, nikakariri. Wiki iliyofuata kwenye kitabu cha hadithi mtoto mmoja alikuwa "just" ametoka kula, na mama yake alikuwa na yai "just" moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akidai haki. Nilinyoosha mkono. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akasema kwamba mimi napenda kuonekana. Darasa lilicheka. Niliketi nikiwa na uhakika wa jambo moja: hajui. Leo nikimfikiria nadhani alijua, ila hakujua namna ya kutuambia kwamba maana ya neno haikai ndani ya neno peke yake. Au nampa heshima asiyostahili. Sijaamua.

Bibi alikwenda hospitali kila baada ya wiki mbili. Siku za hospitali baba alifunga cherehani mapema, saa kumi hivi, jua likiwa bado kali. Alinawa mikono na uso, akaketi kwenye kigoda, mama akazima redio, na mimi nikasimama kizingitini na daftari.

"Haya, somo," baba alikuwa anasema, kama tuko kanisani.

Nami nilisoma kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili, na nilipomaliza bibi alijibu kwa sauti nzito, "Tumshukuru Mungu," akafungua kikopo chake cha ugoro. Mama alijifunika mdomo na khanga kuficha kicheko. Baba hakucheka. Kwake hilo lilikuwa somo kweli.

Mwandiko wa madaktari ulikuwa kama njia ya siafu. Lakini kulikuwa na maneno yaliyojirudia, na hayo niliyatafuta kwenye orodha zangu za mwalimu, na niliyoyakuta yalinitisha. Daktari aliandika kwamba bibi analalamika. Kila ukurasa, analalamika. Ukurasa mmoja aliandika kwamba anakana. Sikujua kwamba kwa madaktari ni kueleza tu panapouma na pasipouma; nilijua maneno hayo yanatumika wapi: polisi. Nilianza kuamini kwamba kule hospitali wanamfungulia bibi yangu kesi, na daftari ndilo jalada, na yeye mwenyewe ndiye anayelibeba huku na huko bila kujua. Siku niliyomwambia kwamba daktari anasema analalamika, bibi aliudhika.

"Nani kalalamika? Kaniuliza panauma wapi, nikamwonyesha. Angetaka ninyamaze asingeuliza."

Baba alisema labda daktari alikuwa na maana nyingine. Bibi alisema daktari mwenyewe ni mtoto mdogo, hata ndevu hana. Halafu alinigeukia, akaniita jina la utani aliloniita siku zote, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike.

"Mke mwenza, endelea. Nimekana nini tena?"

Kulikuwa na nesi pale hospitali, jina lake Skola, ambaye alitokea upande uleule wa kina bibi na walisalimiana kwa Kingoni. Bibi alimsifu kila aliporudi: kamkalisha kwenye benchi lenye kivuli, kamletea maji. Jambo hilo halikunikaa sawa. Nilimwuliza bibi, tukiwa wawili jikoni tunachambua maharage, kwa nini asimwombe huyo nesi amsomee daftari hukohuko, kwa lugha yao.

"Nesi ana kazi nyingi," alisema. "Nina wewe."

Nilifurahi. Na kwa sababu nilifurahi sikuuliza tena. Kosa hilo silifanyi siku hizi. Mtu akinifurahisha ndipo ninapouliza mara ya pili.

Siku hiyohiyo, au siku za karibu na hiyo, alifungua daftari kwenye ukurasa wa zamani, akagusa neno, akauliza linasemaje. Nikasema ni jina la daktari aliyeandika. Aliitikia kwa kichwa. Baada ya siku chache, nikiwa nafua soksi zangu uani, alikuja na ukurasa uleule, akagusa neno lilelile. Nikasema ni jina la dawa. Maneno yalikwisha kunitoka ndipo nikakumbuka. Nilimtazama usoni. Alichukua ugoro kwa vidole viwili, akavuta, akapiga chafya mara mbili, akafuta pua kwa ncha ya khanga na kuondoka polepole. Wazee husahau, nilijiambia. Nikaendelea kusuuza.

Kisha ikaja siku ya ukurasa ule.

Nilipofungua daftari jioni ile niliona mara moja kwamba huu haufanani na mingine. Juu kabisa palikuwa na mstari uliofutwa kwa kalamu, si kwa kupigwa mstari mmoja bali umekwaruzwa huku na huku mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Chini yake palikuwa na Kiingereza kilichoandikwa vizuri, herufi moja moja, sentensi nzimanzima, kama mwalimu anavyoandika ubaoni. Kwa mara ya kwanza niliweza kuona kila neno la daktari. Nilihisi kuna hila. Mtu aliyeandika kama siafu miezi yote, leo kwa nini aandike vizuri? Na amefuta nini?

"Somo," baba akasema.

Sentensi niliyoijali ilikuwa ya katikati. Ilianza na yeye, yaani bibi. Kisha wakati ujao. Kisha neno la kupata nafuu, ambalo tulilipata kwenye maneno kumi ya Jumatatu, nalijua vizuri. Baada yake "unless". Kisha neno refu nisilolijua, na mwisho neno la hivi karibuni. Kati ya wakati ujao na nafuu palikuwa na kineno cha herufi tatu, "not". Hakuna mtoto wa shule ya Kiingereza asiyejua "not". Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nimelizunguka miaka mingi: nililiona. Niliinua macho, nikamwona baba ameegemea mbele, mikono yake kati ya magoti, chaki ya kushonea ikiwa bado sikioni, na nikalivuka lile neno kama mtu anavyovuka dimbwi.

Nikasema daktari anaandika kwamba bibi atapata nafuu hivi karibuni.

Baba alifunga macho. Mama alisema asante Yesu, taratibu. Bibi ndiye pekee ambaye hakusema kitu, hata lile jibu lake la kanisani. Alinyanyuka kwenye mkeka, akaja mpaka nilipo, akainama juu ya daftari na kuweka kidole.

"Hili nalo linasemaje?"

Sikulijua. Halikuwa kwenye orodha yoyote. Nikasema ni jina la dawa.

"Dawa yenyewe natumia mpaka lini?" bibi aliuliza.

Nikasema haijaandikwa, nadhani mpaka atakapopona.

"Mmesikia," bibi aliwaambia baba na mama. "Basi dawa mtu anaweza kuimezea hata kwake. Mvua inakaribia na shamba langu halijasafishwa."

Baba alijaribu kumzuia siku mbili. Bibi alimjibu kila mara kwamba daktari ameandika na mtoto amesoma, sasa yeye anataka lipi tena? Jumamosi baba alimpandisha kwenye gari la Namtumbo, linalopita kwao, akiwa na mfuko wake wa plastiki, ndani yake daftari na kikopo cha ugoro. Bibi alinipungia kupitia dirishani. Alikuwa amependeza, amejitanda khanga mpya.

Jumatatu nilimfuata mwalimu wakati wa mapumziko nikamwuliza "unless" maana yake nini.

"Hatujafika huko," alisema.

Nilimwambia naomba anitajie tu, hata kama hatujafika. Alisema akinitajia mimi leo, kesho darasa zima litataka kurukia mbele. Nilirudi nyuma ya darasa nikiwa na hakika kwamba na yeye pia ana jibu lake la dawa, kila mtu mkubwa analo, na kwamba hapa duniani hakuna kitu kilichopo isipokuwa watu wanaosoma kwa sauti kubwa bila kituo.

Tulifika huko baada ya wiki tano au sita. Lilikuwa neno la saba. Upande wa kulia aliandika: isipokuwa, mpaka. Kisha, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, aliandika mfano chini yake. Hutafaulu, "unless" usome kwa bidii. Alituambia tuutazame mfano na si neno, kwa sababu hili ni neno la sharti. Linafunga mlango kisha linaonyesha ufunguo uko wapi.

Niliitazama sentensi ile na nikaiona nyingine. Hatapata nafuu, "unless". Wakati wa mapumziko nilikwenda kwenye kabati la vitabu nikaomba kamusi, nikatafuta lile neno refu, nililolikumbuka herufi kwa herufi kwa sababu liliandikwa vizuri mno. Lilikuwa kupasuliwa.

Nilipaswa kwenda mbio mpaka kwenye cherehani ya baba. Nilijua hivyo, miguu ilijua. Lakini kumwambia baba kuhusu neno moja kulikuwa ni kumwambia kuhusu yote: mbolea, kikohozi, kichwa cha Zaituni, kila jioni aliyokuwa amenawa uso akaketi. Na nilimwona jinsi anavyowaambia wateja, akinipima begani kwa futi yake ya kamba, kwamba huyu ndiye daktari wetu wa karatasi.

Nikaandika barua. Bibi alisoma Kiswahili, alijifunza kwenye darasa la watu wazima, taratibu lakini alisoma. Nilichana karatasi katikati ya daftari la maneno, nikaandika: Bibi shikamoo. Lile neno si jina la dawa. Daktari anasema hutapona mpaka wakupasue. Naomba rudi haraka. Naomba usimwambie baba kama ni mimi nilikosea. Niliikunja ndogo nikaichomeka kwenye pakiti ya sukari ambayo mama alikuwa anampelekea kwa gari la Jumamosi.

Wiki mbili nilisubiri mbele ya nyumba kila gari lilipopita. Bibi hakuja. Alikuja binamu yake baba, na gunia dogo la karanga, na salamu. Alikunywa chai, akasalimia kila mtu kwa zamu, kisha akaniangalia.

"Mama mkubwa kasema, mwambieni mke mwenzangu barua nimeisoma. Ile dawa naendelea nayo, na inanifaa."

Mama aliuliza ni dawa gani hiyo. Nilisema ile aliyoandikiwa. Niliingia ndani nikalala kifudifudi. Hakuelewa. Nilimwandikia kwa Kiswahili safi, na hakuelewa. Alikuwa amelishika lile jina la dawa nililompa, na barua yangu haikuweza kulitoa mkononi mwake. Sikuandika nyingine. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuandika nyingine, na kila jibu ninalolipata linanifanya nionekane mdogo zaidi kuliko umri niliokuwa nao.

Bibi alifariki mahindi yakiwa yamekauka shambani, kabla hayajavunwa. Tulimzika kwake. Kengele ya watawa wa Hanga ilisikika kutoka mbali wakati wanashusha jeneza, na watu walisema ni ishara njema, ingawa kengele ile ililia saa hiyo kila siku. Baba alikaa kwenye benchi la msibani na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia maneno yaleyale.

"Walituandikia kwamba anapata nafuu. Mtoto alisoma. Kwa Kiingereza chao wenyewe."

Watu walinitazama kwa heshima. Mzee mmoja alinishika kichwa. Tangu siku ile baba haamini madaktari. Akiumwa sasa hivi ni vita kumfikisha hospitali, na mimi ndiye ninayepigiwa simu nimbembeleze, mimi mwenye digrii. Huwa nambembeleza.

Nilipolipata tena daftari wiki tatu zilizopita, nilifanya kile ambacho nilishindwa kukifanya nikiwa mtoto. Nilisimama dirishani nikaupandisha ukurasa ule kwenye mwanga. Chini ya mkwaruzo nilitambua herufi kubwa ya N, kisha labda d, kisha u. Halikuwa neno la Kiingereza. Nililitazama mpaka macho yakaniuma.

Kesho yake mama alinituma dawa ya kichwa. Kuna duka dogo la dawa karibu na barabara ya bodaboda, mwenyewe ni mama mtu mzima, nesi mstaafu. Nilimwamkia. Aliitikia, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilimtajia baba, fundi. Akavua miwani.

"Kumbe wewe ndiye msomaji wa Otilia."

Nilimwuliza kama yeye ndiye nesi Skola. Alicheka, akasema hilo jina siku hizi hakuna anayelitumia, wanamwita Mama Duka. Nilimwambia nina daftari la bibi nyumbani. Sikupanga kumwambia zaidi, lakini nilijikuta nimesimama pale nimeshika kaunta, namweleza yote, "not" na "unless" na barua kwenye sukari, wateja wawili wakisubiri nyuma yangu. Aliwahudumia kwanza. Kisha alinivutia kiti.

Alisema siku ile daktari alieleza kila kitu, naye akakigeuza kwa Kingoni, neno kwa neno, mara mbili, kwa sababu lilikuwa jambo kubwa. Bibi alisikiliza. Aliuliza maswali mawili tu: atakaa siku ngapi huko atakakopelekwa, na huko nani anajua lugha yake. Halafu akasema hapana. Alisema anataka kufia kwenye nyumba yake, na shida yake ni moja, mwanawe. Mwanawe akijua atambeba hata mgongoni, atauza hata cherehani, na yeye hana nguvu za kubishana na mtu anayelia.

Daktari alikuwa kijana, hakukubali. Alilichukua daftari akasema basi atamwandikia huyo mwana mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kusomeka. Akaanza: Ndugu, mama yako.

"Bibi yako akamshika mkono," nesi Skola alisema. "Akamwambia, hapana daktari, andika Kiingereza kama kawaida yenu, na uandike vizuri mtoto aone herufi. Nyumbani nina msomaji. Akifika asipopajua, huwa anapaita dawa."

Nilimwuliza kwa nini basi daktari aliufuta mstari ule kwa hasira kiasi kile, karibu achane karatasi.

Alisema si daktari aliyeufuta. Bibi alimwomba kalamu.